Mshale Uliporudi Chini

Mdogo wangu ndiye aliyeanza kuliona tatizo, ingawa hakujua kwamba alichokiona ni tatizo. Ilikuwa asubuhi ya baridi, barabara inapanda mlima, mwanawe wa miaka miwili amelala kiti cha nyuma amefunikwa shuka, na heta ilikuwa inafanya kazi tangu tulipoondoka. Akanyoosha mkono mbele ya tundu la hewa, akaugeuza kiganja, akasema, "Kaka, mbona heta inatoa baridi?"

Nikamwambia labda kagusa swichi. Akasema hajagusa kitu. Nikasema basi tutaangalia tukisimama.

Nimeliwaza sana jibu langu hilo. Kati ya swali lake na injini kuzima zilipita dakika kumi na kidogo tu, na ndani ya dakika hizo gari lilinisemesha mara tatu. Mara mbili za mwanzo liliniambia ukweli sikutaka kuusikia. Mara ya tatu likaniambia uongo, na huo ndio niliouamini.

Heta ya gari haina moto wake yenyewe. Inaazima joto la injini. Maji yaleyale yanayozunguka ndani ya injini kuipoza hupitishwa pia kwenye rejeta ndogo iliyojificha nyuma ya deshibodi, kisha feni inapuliza hewa kupitia hapo na kutuletea uvuguvugu. Kwenye magari mengi rejeta hiyo ndogo iko juu, kwa hiyo maji yakianza kupungua, humo ndimo hewa inamokimbilia mapema. Injini ikiwa imeshapata moto halafu heta ikaanza kutoa baridi ghafla, maana yake mara nyingi ni moja: maji hayafiki tena. Mdogo wangu alikuwa ameshika mkononi habari kamili ya kilichokuwa kinatokea mbele yetu chini ya boneti.

Ishara ya pili ilikuwa ya wazi zaidi. Mshale wa joto, ambao kwa miaka yote niliyolimiliki gari lile ulikaa chini kidogo ya nusu kana kwamba umegundishwa hapo, ulianza kupanda. Ukavuka nusu. Ukafika robo tatu. Niliuona. Nikajiambia ni mlima, gari limebeba mizigo, tukifika juu litapumua. Nikapunguza mwendo, nikashusha gia, nikaendelea.

Ndipo mshale ukashuka. Haukushuka polepole kama kitu kinachopoa, ulianguka mpaka chini kabisa, mahali unapokaa asubuhi kabla gari halijawashwa. Nakumbuka mabega yangu yalivyolegea. "Umeshuka," nikamwambia mdogo wangu, na nikaongeza mwendo.

Kile kipima joto hakipimi joto la chuma. Kinapima joto la maji yanayokigusa. Maji yakiisha, kinabaki kimening'inia kwenye mvuke na hewa, ambavyo haviwezi kukipa joto la kweli la injini, na kwenye baadhi ya magari mshale unarudi chini kana kwamba mambo ni shwari. Chuma kilicho pembeni yake kinaendelea kuungua. Nikaendesha hivyo kama kilomita 6. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, na mlimani yangu ilikuwa inapita hapo, krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, inapiga mizunguko 50 kila sekunde na kila plagi inawaka mara 25 katika sekunde hiyohiyo. Ukizidisha kwa dakika zilizobaki, ni makumi elfu ya milipuko ndani ya chuma kisicho na maji. Laiti ningelijua hilo siku ile, ningesimama hata katikati ya kona.

Kwanza ikaja harufu, tamu kidogo, ya kulanti iliyoungua, ile dawa inayochanganywa na maji ya injini. Halafu mlio wa kugonga, kama changarawe ndani ya kopo. Kisha nguvu ikakatika. Nilikanyaga mafuta, gari likawa linapungua mwendo badala ya kwenda, na taa zote nyekundu za deshibodi zikawaka kwa pamoja. Kukawa kimya. Ulisikika upepo tu na mlio wa matairi.

Sekunde zile zinastahili kuelezwa kwa sababu hakuna anayekufundisha unapojifunza kuendesha. Injini ikizima gari likiwa kwenye mwendo, usukani unakuwa mzito ghafla, lakini haujafungwa, unageuka ukiuvuta kwa nguvu. Breki nazo zipo, ila kile kinachokusaidia kukanyaga kinategemea injini, na akiba iliyobaki inatosha mkanyago mmoja au miwili tu. Kwa hiyo usikanyage na kuachia, kanyaga na kuachia. Kanyaga mara moja, shikilia, lielekeze gari pembeni wakati bado lina mwendo wa kulifikisha. Na ufunguo usiuchomoe kabisa wala usiurudishe mwisho mpaka gari lisimame, maana kwenye magari mengi hapo ndipo usukani unajifunga. Haya mimi niliyafanya sawasawa, kwa bahati zaidi kuliko kwa maarifa. Tukafika pembeni, nikawasha taa za hazadi, tukamtoa mtoto kwa mlango wa upande usio na magari, na tukasogea mbali na barabara, nyuma ya ukingo wa chuma. Pembetatu nikaiweka nyuma, kabla ya kona, ili anayekuja atuone angali na nafasi ya kupunguza mwendo.

Halafu nikarudi kwenye gari na kufanya jambo ninalolijutia kuliko yote. Niligeuza ufunguo.

Nadhani kila aliyewahi kuzimikiwa na gari mbali na kwao anaujua mkono huo. Nyumbani ungeacha, ungempigia fundi wako, ungelala ukiwaza kesho. Mbali na nyumbani mkono haukubali. Kuna mtoto kwenye baridi, kuna kilomita 430 mbele yako, na kuna sauti ndani inasema labda lilikuwa linapumzika tu, jaribu mara moja. Nikajaribu mara moja. Nikajaribu tena. Mara ya tatu mdogo wangu akapaza sauti kutoka kule alikokuwa: "Kaka, liache!"

Mlio wa starta ile bado ninao masikioni. Injini nzima ikizungushwa na starta ina mapigo yaliyo sawa, kila silinda inabana hewa na starta inahisi uzito uleule. Yangu ilikwenda nzito, nyepesi, nzito, nyepesi, kama mtu anayetembea na kiatu kimoja. Baadaye ndipo nilipoelezwa kwamba huo ulikuwa mlio wa silinda mbili zisizobana kitu.

Tangu siku ile nimejifunza kusikiliza starta, na nimegundua kwamba inaeleza mengi. Ikizunguka kwa kasi isiyo ya kawaida, laini kabisa, kama haina mzigo wowote ndani, ogopa mkanda wa taiming kukatika. Kwenye injini nyingi pistoni na valvu zinapishana nafasi ileile kwa zamu, na mkanda ndio unaozipangia zamu. Ukikatika zinagongana, na kila unapogeuza ufunguo unaongeza uwezekano wa valvu nyingine kupinda. Isipozunguka kabisa ila ukasikia tu kitu kinagonga mara moja, huenda ni betri au nyaya zake, lakini kama gari lilikuwa limechemsha au limeishiwa oili, huenda injini imekamata. Ikizunguka kwa mapigo mazuri bila kuwaka, sikiliza nyuma ya gari unapofungua ufunguo kabla ya starta: pampu ya mafuta huvuma kwa sekunde mbili hivi, na kimya mahali hapo ni habari. Wapo pia wanaozimikiwa injini ikiwa ya moto, wanasubiri nusu saa, inawaka kama hakuna kilichotokea, halafu inazima tena mbele. Hapo mara nyingi ni kihisio cha krenki kinachochoka kwa joto. Huyo ndiye peke yake ambaye kujaribu tena kunamsaidia, na nadhani ndiye anayetupa sisi wengine matumaini mabaya.

Dereva mmoja alisimama kutusaidia. Alikuwa mtu mwema, aliacha safari yake, akafungua boneti yetu na mvuke ukampiga usoni akarudi nyuma. Akaona dumu letu la maji. "Tumwagie haraka ipoe," akasema, na mkono wake ukaenda kwenye kifuniko cha rejeta.

Nilimshika mkono. Jambo hilo moja nilikuwa nalijua. Kifuniko kile kinashikilia shinikizo, na kwa shinikizo hilo maji ndani yanaweza kufika nyuzi 120 hivi bila kuchemka. Ukikifungua, shinikizo linaondoka kwa mpigo mmoja na kilichobaki ndani kinageuka mvuke papo hapo, kuelekea uso wako. Mdogo wangu akaongeza lake: ukimwagia maji baridi glasi iliyotoka motoni inapasuka, kwa nini chuma kisipasuke? Yule bwana akatikisa kichwa, akakubali. Tukaiacha boneti wazi na kusubiri. Ilichukua zaidi ya saa moja mpaka nikaweza kukigusa kile kifuniko kwa mkono mtupu, na nilipokifungua hakukuwa na maji, hakukuwa na mvuke. Nilichungulia nikaona mapezi ya aluminiamu makavu.

Alikuwa na kamba pia, akataka kutuvuta mpaka mji uliokuwa mbele. Gari langu ni la gia otomatiki. Ndani ya gia za namna hiyo kuna pampu inayosambaza mafuta yake, na pampu hiyo inazungushwa na injini. Injini ikiwa imekufa, ukivuta gari kwa umbali huku matairi yanayoendesha yakizunguka barabarani, gia zinasagana bila mafuta. Unaweza kufika kwa fundi na magonjwa mawili badala ya moja. Nikamshukuru, nikamwomba namba ya gari la kubeba badala ya la kuvuta, akanitafutia. Tulisubiri saa 4.

Fundi tuliyepelekwa kwake alikuwa mzee mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Nilimwamkia, akaitikia, akamtazama mtoto kwanza kabla ya gari na kuwaelekeza mdogo wangu na mwanawe mahali pa kukaa. Hakufungua boneti. Alivuta kiti, akaketi, akaniambia, "Haya mwanangu, nieleze. Nini kilianza, nini kikafuata?"

Nikamweleza. Heta, mshale kupanda, mshale kushuka, injini kuzima. Akauliza, "Mshale uliposhuka ulifanyaje?"

"Nilisimama," nikasema.

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Najua, ila sipendi kulisema: niliona aibu mbele ya mtu ambaye sikumjua na ambaye nilikuwa nahitaji msaada wake. Mbali na nyumbani unakuwa mgeni mara mbili, mgeni wa mahali na mgeni wa ufundi, na mgeni anataka aonekane mtu wa maana.

Mzee hakubisha. Akanyanyuka, akafungua boneti, akawasha tochi. Alinionyesha kifuniko cha plastiki kilicho juu ya injini, upande mmoja umejikunja kama jani kavu. Akanionyesha mpira wa maji wa juu, umekuwa mgumu na unang'aa karibu na mdomo wake. Akazima tochi. "Gari lililosimama," akasema taratibu, "haliunguzi hivi. Nakuuliza tena, si kwa ubaya. Jibu lako ndilo litakaloniambia nifungue injini mpaka wapi."

Nikamwambia kilomita 6. Nikamwambia na mara tatu za ufunguo.

"Na maji, ulikuwa unaongeza?"

Hapo nikanyamaza. Katika mwezi uliotangulia nilikuwa nimeongeza maji mara mbili, kila mara nusu lita hivi, na sikulihesabu kuwa jambo. Nilidhani maji hupungua, kama mafuta yanavyopungua. Mzee akanieleza bila kunisuta kwamba mfumo ule umefungwa. Maji yake hayatumiki. Yanazunguka yaleyale mwaka hadi mwaka, na yakipungua yanakwenda mahali: nje, au ndani ya oili, au ndani ya silinda. Mtu anayeongeza maji bila kuuliza yanakokwenda anauficha ugonjwa. Tena kwa kuongeza maji matupu nilikuwa nazimua kulanti, ambayo kazi yake haiishii kwenye baridi na joto, inalinda pia chuma na aluminiamu visiliwe na kutu.

Tatizo lenyewe tulilipata kesho yake, na lilinitia uchungu kwa udogo wake. Rejeta za siku hizi zina mwili wa aluminiamu na vichwa vya plastiki vilivyobanwa juu na chini au pembeni. Plastiki ikikaa miaka kwenye joto inakauka. Yetu ilikuwa na ufa kwenye kichwa cha juu, mwembamba kama unywele, urefu wa kucha ya kidole gumba. Gari likiwa baridi haukuvuja hata tone, ndiyo maana asubuhi ya safari niliangalia chini ya gari nikaona pakavu. Likipata moto na shinikizo, ufa unafunguka.

Usiku ule wa kwanza hatukulala vizuri. Mtoto alilia mahali pageni, na mimi nilikuwa napiga hesabu za gharama kichwani. Mdogo wangu ndiye aliyenikumbusha habari ya Bertha Benz, ambayo alikuwa ameisoma shuleni. Agosti 1888 mwanamke huyo alichukua gari la mumewe Carl, aliyelibuni, bila kumuaga, akawapakia wanawe wawili, Eugen na Richard, akaondoka Mannheim kwenda Pforzheim kwa mama yake, zaidi ya kilomita 100. Haikuwahi kufanywa safari ndefu hivyo kwa gari la injini. Bomba la mafuta liliziba, akalizibua kwa pini ya kofia. Waya wa umeme wa injini ukachubuka, akauzungushia mkanda wa soksi yake. Breki za mbao zikalika, akamwomba fundi viatu azipigilie ngozi. Mafuta alinunua kwenye duka la dawa mjini Wiesloch, kwa kuwa hakukuwa na mahali pengine pa kuyapata.

Lakini kilichonikaa mimi ni maji. Injini ile ilipozwa kwa kuacha maji yachemke na kupotea hewani, hivyo kila walipopata maji walisimama kujaza. Safari nzima waliyaangalia. Mama yule hakuwa na mshale wa kumwambia lolote, na kwa sababu hiyo hakuna kilichomfanya aache kuangalia.

Asubuhi mzee alipima kompresheni, yaani kila silinda inabana hewa kwa shinikizo gani. Alitoa plagi zote nne, akachomeka geji tundu moja baada ya lingine, na mimi nikageuza ufunguo kila aliponiashiria. Silinda ya kwanza ilisoma PSI 175. Ya pili 60. Ya tatu 55. Ya nne 170. Akamimina oili kidogo kwenye ile ya pili na ya tatu, akapima upya: mshale haukupanda cha maana. Akatabasamu kwa mara ya kwanza. Kama ringi za pistoni zingekuwa zimekwisha, oili ingeziba nafasi na namba zingepanda. Silinda mbili zilizopakana zikiwa chini pamoja namna ile, kinachoshukiwa kwanza ni gasketi ya hedi, kizibo chembamba chini ya kichwa cha injini, kuungua katikati yao, zinapeana pumzi. Akachomoa kijiti cha oili, akakifuta kwenye karatasi nyeupe. Hakukuwa na weupe wa maziwa, kwa hiyo maji hayakuingia kwenye oili. "Chini kumepona," akasema. Nilitaka kumshika mikono.

Ndipo ulipokuja uamuzi ambao nadhani ndio mgumu kuliko wote kwa aliyeharibikiwa mbali. Ufungue injini hapo, kwa mtu uliyemjua jana, au ulipakie gari mpaka nyumbani kwa fundi unayemwamini, ukilipa gharama ya kubeba inayoweza kukaribia ya matengenezo? Sina jibu la kila mtu. Mimi nilimpigia fundi wangu wa nyumbani na kuwapa simu wazungumze wao kwa wao. Niliwasikiliza dakika 10. Mzee alisoma zile namba nne, akataja ufa wa rejeta, akataja kilomita 6 bila kunitazama. Simu iliporudi kwangu fundi wangu akasema, "Muache afungue. Amenipa vipimo kabla hajanipa maoni."

Na jambo lingine lilinithibitishia uamuzi huo, dogo la macho tu. Alipoanza kulegeza bolti za hedi, alichukua kipande cha boksi, akakitoboa matundu 10 kwa mpangilio wa injini yenyewe, na kila bolti aliyoitoa aliichomeka kwenye tundu lake. Bolti zenyewe hakukusudia kuzirudisha. Kwenye injini ile hukazwa mpaka zinavutika, kwa hiyo hutumika mara moja. Alizipanga ili asome ni ipi iliyopata joto zaidi. Zile mbili za katikati zilikuwa na rangi tofauti, za bluu kidogo shingoni.

Gasketi ilipotoka nikaiona palipoungua, ukanda mwembamba kati ya duara la pili na la tatu, mweusi, umetafunwa. Hedi ikasafishwa, akaweka rula ya chuma juu yake kwa mshazari na kuchomeka chini yake vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, kimoja baada ya kingine. Cha milimita 0.05 kikapita. Cha 0.10 kikapita. Cha 0.15 kikapita kwa kukwaruza. Injini nyingi za hedi ya aluminiamu hazivumilii zaidi ya 0.10. Aluminiamu ikipata joto inatanuka karibu maradufu ya chuma cha kawaida, na ikiwa imefungwa kwa bolti haina pa kwenda, basi inajipinda. Unene wa karatasi moja na nusu. Hiyo ndiyo ilikuwa tofauti kati ya gari linalokwenda na gari lililokufa.

Hedi ilipelekwa kupigwa skimu, yaani kukwanguliwa uso kwa mashine uwe sawa, na kupimwa kwa shinikizo ndani ya maji, kutazama kama kuna nyufa kati ya valvu. Hapakutoka mapovu. Siku hiyo sisi watatu tuliondoka kwa basi, na kazi iliyobaki ikafanyika tukiwa hatupo. Mzee alinitumia picha za kila hatua bila mimi kuomba: rejeta mpya, themostati mpya, gasketi mpya imekaa, bolti mpya zinakazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, raundi kwa raundi. Vipande vya zamani alivifunga kwenye mfuko akaviandika jina langu.

Nilirudi baada ya siku 9, na mdogo wangu akasisitiza kuja nami. Mzee aliwasha gari mbele yetu na kuliacha likiunguruma na kifuniko cha maji kikiwa wazi, akatuonyesha mapovu yanavyotoka mpaka hewa yote ikaisha, kisha akafunga. Akasema twende kilomita 20, tusimame, tuangalie chini na pembeni, tuendelee. Asubuhi yake, kabla ya kuwasha, injini ikiwa baridi kabisa, tutazame kiwango cha maji. Kikishuka hata kidogo, nimpigie kabla sijaongeza.

Tuliagana. Barabara ilianza kupanda mlima uleule, kwa upande wake mwingine safari hii, na kijibaridi kikaingia. Sikusema kitu. Macho yangu yalikuwa kwenye mshale, chini kidogo ya nusu. Mdogo wangu akanyoosha mkono, akawasha heta, akaweka kiganja mbele ya tundu la hewa na kukiacha hapo.

"Vipi?" nikamuuliza.

"Ngoja," akasema. Akageuza kiganja, kisha akakirudisha. "Ina moto. Weka na wako."

Nikasogeza gari pembeni, nikasimama, nikaweka.